Kibaba Kilichojaa: Juu ya Kununua na Kuuza Chakula Bora

Hotuba iliyosomwa Msata mbele ya wanachama katika sherehe za mwaka wa kumi wa Chama Kikuu



Waliotangulia kusema wamekwisha kueleza habari za mazao yaliyokusanywa na fedha zilizolipwa. Sisi tumepewa sehemu ndogo ya ratiba, nayo ni kusema juu ya chakula na kinywaji bora: namna ya kuvichagua, mahali pa kuvinunua pasipo kuyategemea maduka makubwa ya mjini, na wajibu wa chama cha wakulima katika jambo hilo.

Huenda wako watakaouliza: Chama chetu kazi yake ni kuuza mazao, basi kina haja gani na elimu ya kununua? Jawabu ni fupi. Hakuna mkulima asiyenunua. Mwenye mahindi hununua samaki. Mwenye ng'ombe hununua unga. Mwenye mananasi hununua maziwa ya mtoto. Asubuhi mtu ni muuzaji, na jioni yeye huyo huyo ni mnunuzi. Akidhulumu asubuhi, asistaajabu akidhulumiwa jioni, kwa kuwa soko ni moja na watu wake ndio sisi.

Sisi wa Msata tumejaliwa mahali. Barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na kutoka huko kwenda Tanga, Moshi na Arusha, yapita mlangoni petu. Barabara ya Bagamoyo, yenye urefu wa kilometa 64, ambayo ilitiwa lami katika miaka ya 2010, yakutana na ile ya kwanza papa hapa. Mtu aketiye njia panda kwa siku moja aweza kuona mananasi ya Kiwangwa, samaki wa Bagamoyo walioshindiliwa barafu, machungwa ya Muheza, viazi na mboga za Lushoto, na maziwa ya wafugaji wetu wa Kimasai na Kibarbaig yakipita katika madumu. Chakula cha mikoa kadha chapita mbele ya macho yetu kabla ya kufika Dar es Salaam.

Walakini, tazameni tufanyavyo tunapopata mgeni wa heshima au arusi. Humpa kijana nauli, tukamtuma mjini katika duka kubwa akalete sharubati ya nanasi iliyofungwa katika pakiti, ilhali nanasi lenyewe liko Kiwangwa, njiani kwenda Bagamoyo. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu, maana nasi tumefanya vivyo hivyo. Twasema ili tujiulize: kijana yule alitumwa kufuata nini?

Tusiyatukane maduka makubwa. Yana mambo ya heshima ambayo yafaa tuyaige. Bei imeandikwa, na mtoto aliyetumwa hulipa sawasawa na mtu mzima. Kitu kimepimwa kwa mizani. Tarehe ya mwisho ya kutumika imepigwa chapa, na mnunuzi hupewa stakabadhi ambayo kwayo aweza kurudi kudai haki yake. Kijana wetu alitumwa kufuata uaminifu huo. Sharubati ilikuwa ni kisingizio tu.

Lakini uaminifu huo hauna ulazima wa kukaa chini ya paa kubwa, na paa kubwa lenyewe halina ahadi ya kudumu. Shoprite la Afrika Kusini liliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt la Kenya mwaka 2014. Uchumi, nalo la Kenya, lilifunga maduka yake ya hapa nchini Oktoba 2015. Nakumatt nalo halikukaa miaka mingi baada ya hapo. Tena likumbukeni Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Jengo lile liliungua Julai 2021, na hasara yake ilikuwa kubwa. Hata hivyo watu wa Dar es Salaam hawakulala njaa, kwani chakula chao hutoka katika mikono ya maelfu ya wakulima na wachuuzi, na mikono ile ilikuwa ingali inafanya kazi. Basi tuiangalie mikono hiyo, maana ndiyo yetu.

Ndugu wanachama, ushirika wenyewe ulizaliwa katika taabu ya chakula kibovu. Huko Rochdale, kaskazini ya Uingereza, watu 28 wa kazi za mikono, baadhi yao wafumaji wa nguo, walichanga mtaji wa pauni 28. Katika zama zile wenye maduka wengi walichanganya vitu vibaya katika unga, wakakausha majani ya chai yaliyokwisha kutumika na kuyauza tena, na mizani yao ilimwelemea maskini. Tarehe 21 Desemba 1844 watu wale walifungua duka dogo katika mtaa uitwao Toad Lane. Waliuza siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Hawakuahidi kwamba bei yao itakuwa ya chini kuliko zote. Waliahidi bidhaa safi na kipimo kamili, na ziada igawanywe kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Vyama vingi vya ushirika duniani, na chetu kimo, vyajifunza kwa wale watu 28.

Hapa kwetu nasi tuliwahi kujaribu maduka ya ushirika, na yafaa tukumbuke yaliyotupata. Mwaka 1962, mara baada ya Uhuru, iliundwa COSATA ili iyapelekee maduka ya ushirika bidhaa kwa bei ya jumla. Maduka yalifunguliwa upesi, mengine kabla wanachama hawajafahamu kwamba ni mali yao. Mwaka 1966 kamati iliyoteuliwa na Rais kuchunguza mwendo wa vyama vya ushirika iliona kwamba wanachama wengi hawakuwa na elimu ya ushirika, na kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na ya kijiji yashike nafasi yake. Wazee waliopo hapa hawajasahau rafu tupu na foleni za sukari na sabuni za mwanzo wa miaka ya 1980. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Fundisho letu ni kwamba kibao cha ushirika juu ya mlango hakitoshi. Duka la wanachama husimama pale wanachama wanapojua kitu kizuri ni kipi, na wanapokubali kukaguliwa wao wenyewe.

Basi turuhusuni tuseme kwa ufupi namna ya kukijua kitu kizuri.

Kwanza, mahindi. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo waweza kuleta sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika ugali. Mwaka 1916 babu zetu hawakuijua kwa jina. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hapo taifa zima likaijua. Nafaka ya kuweka ghalani yafaa iwe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Asiye na chombo cha kupimia na afanye hivi: atwae chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, atie mahindi hadi theluthi moja, na chumvi kavu vijiko viwili au vitatu. Aifunge, aitikise vema, kisha aiache kwa dakika 15. Chumvi ikigandama katika kuta za chupa, mahindi yangali mabichi. Yarudi juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo. Jaribio hili lafaa kwa muuzaji, na lafaa vile vile kwa mnunuzi.

Pili, nanasi. Wako wanaokata nanasi changa kwa kuwahi soko, wakidhani litaivia njiani. Rangi yake yaweza kugeuka, lakini nanasi haliongezi utamu baada ya kukatwa. Mnunuzi na alinuse kitakoni. Likinukia vizuri, na likiwa zito mkononi kwa kadiri ya ukubwa wake, na alichukue. Likinuka kama limechacha, muda wake umepita.

Tatu, samaki. Macho yawe angavu, yaliyojaa; mashavu yawe mekundu; nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi. Samaki aliyetoka Bagamoyo asubuhi katika barafu hushinda aliyelala siku nyingi katika jokofu la kukatikakatika umeme. Tena chumvi huvunwa katika mwambao wetu huu huu. Tukinunua, tuulize kama imetiwa madini joto, kwani bila hayo watoto hudumaa akili na wakubwa huota rovu.

Nne, maziwa. Laktomita ni chombo kidogo cha kioo kinachoelea katika maziwa. Kwa kawaida maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa maji husoma kati ya 26 na 32; yakitiwa maji, chombo huzama na kusema kweli mbele ya wote. Kujua kama yamekwisha kuanza kuharibika, chemsha kidogo katika kijiko. Yakikatika, usiyachanganye na mengine. Na maziwa mabichi, hata ya ng'ombe wako unayempenda, yachemshwe, kwani kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba huweza kumpata mtu kwa njia hiyo.

Tano, asali. Watu wengi huikataa asali iliyoganda wakidhani ni sukari. Wanakosa. Asali halisi nyingi huganda. Jaribio la kiberiti na lile la kuidondosha katika maji si ushahidi wa kutegemea. Dalili ya kweli yaanzia mzingani: masega yawe yamefunikwa kwa nta. Asali iliyovunwa kabla ya hapo ina maji mengi, nayo huchacha. Kwa hiyo, mnunuzi wa asali humnunua kwanza mrinaji wake, yaani humjua, humwuliza, na akiridhika hurudi kwake kila msimu.

Sita, vinywaji. Dafu lililokatwa mbele yako ni kinywaji kisichohitaji chapa. Togwa iliyopikwa vizuri ni kinywaji na tena ni chakula. Sharubati ya matunda ni safi kwa kadiri ya maji yaliyotiwa ndani yake, hivyo mwenye kuuza na achemshe maji na kufunika chombo. Ama pombe za magendo, ambazo mnywaji hajui zilipikwa kwa nini, tusizipe nafasi katika genge lolote la wanachama. Zimekwisha kupofusha na kuua watu wengi. Na atakayetaka kufunga bidhaa katika chupa na kuitia lebo ajue kwamba tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Aende kwao mapema, kabla bidhaa haijasambaa.

Mwisho ni vipimo. Wazee wetu walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja. Twasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini methali hiyo yasimama juu ya jambo moja: kibaba chenyewe kiwe kizima. Siku hizi tuna debe lililobonyezwa kitako, na tuna lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu. Mnunuzi ajaye na lumbesa humwibia mkulima, na sheria ya vipimo yakataza gunia la mazao lizidi kilo 100. Muuzaji mwenye debe lililobonyea humwibia jirani. Hao wawili wamekutana katika soko moja, na kila mmoja amtuhumu mwenziwe.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, hatuna budi kusema jambo lisilopendeza katika siku ya sherehe.

Katika mwaka wetu wa saba mnunuzi mmoja wa mjini aliturudishia shehena ya mahindi. Tulikasirika, tukasema ametuonea. Kisha tukayafungua magunia mbele ya Halmashauri. Juu palikuwa na mahindi meupe, makavu, ya kupendeza. Katikati palikuwa na mahindi mabichi yaliyoshika ukungu. Nani aliyefanya hivyo? Hatukuweza kujua, kwa kuwa tulipoyapokea ghalani hatukuandika namba ya mwanachama juu ya gunia. Ilani ya mahindi kuwa makavu tuliibandika ukutani, lakini hakuna aliyepima. Basi hasara ikagawanywa kwa wote.

Mama mmoja mjane, mwanachama wetu tangu mwaka wa kwanza, alikuwa ameyaanika mahindi yake juani kila siku, akiyaingiza ndani kila lilipotanda wingu. Alikatwa sawasawa na yule aliyevuna asubuhi na kuleta jioni. Alikuja ofisini, akaketi, hakufoka. Akatuuliza: "Wanangu, mwakani nianike, au nilete mabichi kama wenzangu?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi, akaondoka. Tangu siku ile swali lake limekaa mezani petu kila Halmashauri inapokutana, maana twafahamu kwamba chama kinachomlipa mwaminifu sawa na mdanganyifu kinawafundisha wote udanganyifu. Samaki mmoja akioza wote huoza, nasi tulikuwa tumemlaza yule aliyeoza katikati ya tenga.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu pendekezo. Baada ya kuweka akiba kama sheria itakavyo, sehemu ya ziada ya mwaka huu isigawanywe, bali itumike kununua mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, kipima unyevu wa nafaka, laktomita, na maturubai ya kuazimwa wanachama wakati wa mavuno. Kila gunia litaandikwa namba ya mwenyewe. Mahindi mabichi yatarudishwa kwa aliyeyaleta, awe mwanachama wa kawaida, awe mjumbe, awe sisi tunaosema sasa. Mambo hayo yakienda vizuri kwa msimu mmoja, ndipo tutafungua genge la Chama hapa njia panda, bei zikiwa zimeandikwa ubaoni, mizani ikiwa mezani kila mtu aione, na stakabadhi kwa kila anunuaye. Hapo abiria wa Arusha atapata nanasi lililoiva, na mwanachama wa Msata atapata samaki na maziwa bila kumtuma kijana mjini.

Twajua wako wanaonung'unika. Wasema: "Miaka kumi tumengoja ziada, na leo fedha zetu zageuzwa vyuma." Manung'uniko hayo hatuyadharau, ada za shule zinangoja, na mapaa yanavuja. Twaomba tu mkumbuke kwamba hasara ya shehena ile moja ilizidi bei ya vyombo vyote tulivyovitaja, na kwamba fedha ile haikuingia katika mfuko wa mtu yeyote aliyemo humu. Ilipotea bure. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali bila mizani hupotea mbele ya macho.

Wako pia wanaohofu mizani kwa sababu nyingine, nao hawatasema. Kwao twasema kwa upole: hakuna atakayeulizwa habari za mwaka wa saba. Mizani itaanza kuhesabu siku itakapofika.

Ndugu wanachama, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Miaka kumi tumetembea sana kutafuta wanunuzi. Barabara mbili zimekuja mpaka mlangoni petu. Sasa na tuwe na kitu ambacho msafiri atasimamisha gari kukifuata, na akirudi safari nyingine atasimama tena.

Mama yule yumo katika mkutano huu, ameketi pamoja na wenzake. Kura itakapopigwa alasiri hii, kila mkono utakaonyoshwa utakuwa jibu kwa swali lake. Sisi wa Halmashauri tumekwisha kukubaliana jibu letu: Anika, mama. Mwakani tutapima.

Ushirika udumu.